Pampu Kubwa na Mlima wa Masama

Godlisten, umeniuliza swali moja mara tatu wiki hii, na mara zote tatu nilijifanya sijasikia. Kwa mtu anayeacha kazi kwa sababu ya masikio, kujifanya ni rahisi. Ulitaka kujua ni pampu ipi ya oili iliyo kubwa kuliko zote zinazoweza kuingia kwenye injini ya mashindano unayoijenga upya. Ulinionyesha picha kwenye simu: pampu inang'aa kama sufuria ya harusi, na maelezo yanasema inasukuma oili mara mbili ya ile ya kawaida. Nimeona nikuandikie, wewe na wenzako wa gereji, kwa sababu jibu lake ni refu, na mimi nililipata kwa kukaribia kuua injini ya mtu.

Nina miaka arobaini na minane. Nikisema nimestaafu watu hucheka, wananiuliza kama nilikuwa mchezaji mpira. Lakini fundi wa injini asiyesikia injini inapogonga ni kama mpishi aliyepoteza ulimi. Daktari alinionyesha mchoro wa masikio yangu, mstari unaoshuka upande wa kulia kama barabara ya kushuka mlimani kutoka Masama. Nikamwambia barabara hiyo naijua.

Kidato cha nne nilimaliza na matokeo ambayo baba aliyasoma mara moja, akayakunja, akayaweka ndani ya Biblia, nadhani ili yaombewe. Wiki iliyofuata alinishusha kutoka kihambani kwetu, shamba la migomba la ukoo, hadi Majengo, Moshi mjini, kwa fundi aliyekuwa amewahi kumtengenezea mashine ya kukoboa kahawa. Huyo ndiye Mzee Shabani. Gereji yake ilikuwa vyumba viwili vya kupanga na uwanja mdogo wenye sakafu nyeusi ya oili ya miaka mingi. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akasema, "Onyesha kucha."

Nikanyoosha mikono yote miwili kama shuleni siku ya ukaguzi. Nilikuwa nimezikata jana yake, mama alisimamia.

"Nani kakuambia ukate hii?" Alishika kidole gumba changu cha kulia. "Hizi nyingine kata, hii acha. Hii ni kifaa cha kazi."

Nilidhani ni mzaha wa mjini wa kumpokea mtu wa mlimani. Mchana akanionyesha. Alichukua krenki, ule mhimili mzito uliopindapinda unaozungushwa na pistoni, akaifuta kwa kitambaa, akapitisha ukucha wake wa gumba taratibu juu ya sehemu inayokaa kwenye beringi. Akaniambia nifumbe macho nifanye vilevile. Ukucha ukikwama hata kidogo, kuna mkwaruzo, na krenki inakwenda kuchongwa. Ukiteleza, ni nzima. Macho hudanganywa na mng'aro, alisema, ukucha hauna habari na mng'aro. Tangu siku hiyo sijaukata ule ukucha mfupi, na nimeulizwa maswali mengi na wanawake wa nchi hii kuhusu jambo hilo.

Miezi sita ya kwanza niliosha vyuma kwa dizeli na kupanga bolti. Mlikuwa mnacheka ninapochomeka bolti kwenye kipande cha boksi chenye mchoro wa injini, kila moja mahali ilipotoka. Hilo ni la Mzee Shabani. Alikuwa pia na fila geji, lile furushi la vipande vya chuma vyembamba vya kupimia nafasi kati ya chuma na chuma. Aliliweka ndani ya kopo la bati, limeviringishwa kitambaa chenye oili. Jirani akija kuliazima, Mzee alimwambia, "Njoo na injini yako, tutapimia hapa." Hakumwazima mtu, hata shemeji yake.

Ningekuwa mtu wa kutulia, kumbukumbu hizi zingekuwa fupi. Lakini miguu yangu haijawahi kunielewa. Nilifanya kazi Arusha, nikaenda Tanga, nikakaa Singida kwenye malori, nikafika Mwanza nikafunga injini za boti. Kila mji nilijifunza jambo moja na kupoteza spana kadhaa. Nikiwa Mwanza nilikuwa nikiota harufu ya majani ya migomba yaliyolowa. Nikirudi Moshi, wiki ya tatu nilianza kutazama mabasi. Mzee Shabani hakuniuliza hata siku moja kwa nini nimeondoka au kwa nini nimerudi. Ovaroli langu lilibaki kwenye msumari uleule nyuma ya mlango.

"Lina vumbi, mangi," alikuwa akisema. "Likung'ute kwanza, usinichafulie injini."

Hivyo ndivyo nilivyorudi nikiwa na miaka ishirini na sita, kutoka Arusha, nikiwa nimefanya kazi mwaka mzima na watu wa magari ya mashindano. Nilirudi na maneno mengi. Mwezi huohuo Anansia alileta gari lake.

Nyote mnamjua Dada Anansia akiwa na mvi. Wakati ule alikuwa na miaka thelathini. Kila asubuhi alishusha maziwa ya majirani zake wa Masama kwa pikapu hadi mjini, na jioni alitengeneza kigari chake cha milango miwili cha mashindano. Alikuwa amekijenga kwa miaka minne, kipande kwa kipande. Alitaka kuingia mbio za kupanda mlima ambazo madereva wa huku huandaa wenyewe. Injini ilikuwa imeshakufa mara mbili mikononi mwa mafundi wengine, beringi zikiungua kwa kukosa oili. Kila mara krenki ilichongwa, na kila ikichongwa inakuwa nyembamba zaidi na kudai beringi nene zaidi.

Mzee Shabani aliipima, akaipima tena, akaiweka chini.

"Hii imechongwa hadi mwisho, mwanangu," alimwambia Anansia. "Beringi za saizi hii ndizo za mwisho zinazotengenezwa. Zikiungua tena na krenki ikakwaruzika, hakuna cha kuivalisha. Na krenki nyingine ya injini hii sijaiona mjini kwa miaka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo imebakiza roho moja."

Anansia aliitazama ile krenki mezani. "Ifungeni basi kama ya mtoto wenu," alisema, akaenda kuwahi madumu yake ya maziwa. Mbio zilikuwa zimebakiza wiki tatu.

Tukafika kwenye pampu. Ya zamani ilikuwa imechoka. Mzee alinipa kazi iliyo wazi: nitumie pampu hiyohiyo ya saizi yake, nibadilishe gia za ndani na springi ya kuachilia presha, nipime nafasi zote kwa fila geji, nifunge. Mimi nilikuwa nimekuja na pampu kutoka Arusha, ya injini kubwa zaidi ya ukoo huohuo, yenye gia nene kuliko ile kwa karibu upana wa kidole. Matundu ya bolti yalikubali. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: injini imekufa mara mbili kwa njaa ya oili, basi tuilishe zaidi. Si ndivyo unavyofikiri na wewe, Godlisten?

"Rudisha hiyo ulikoitoa," alisema Mzee.

"Lakini mzee, Arusha wote wanatumia hizi."

"Hao wote wa Arusha wana krenki ngapi kabatini?"

Ijumaa mchana alikwenda msikitini, na mimi nilikuwa peke yangu na injini imelala mezani ikiwa wazi upande wa mbele. Aliporudi, mfuniko wa mbele ulikuwa umefungwa na silikoni, ile gundi ya kuzibia, imeanza kukauka. Hakuuliza. Alidhani nimefanya alichosema, kwa sababu miaka yote hiyo nilikuwa nafanya alichosema. Nikisimulia makosa yangu ya kazini, na nimeyafanya mengi, hili ndilo bado linanipa joto masikioni, hayahaya mabovu.

Jumamosi tuliipeleka Mabogini. Mafundi wa Moshi mjini wengi hujaribia huko, kwa sababu barabara imenyooka katikati ya mashamba ya mpunga, na ukiharibikiwa kuna maji na watu wa kusukuma. Anansia aliendesha, mimi nilikaa kando nikitazama geji ya presha ya oili. Mshale ulipanda ukasimama kama askari wa gwaride. Alikanyaga mafuta hadi mwisho, mshale haukutikisika. Waliokuwa wakipanda mpunga walinyanyuka kututazama.

"Yelewii!" alipiga kelele Anansia. "Sikia hiyo sauti!"

Wakati ule niliisikia vizuri. Nilijisikia fundi mkubwa kuliko wote kuanzia Tanga hadi Mwanza.

Jumapili alitoka ibadani, bado amevaa kitenge cha kwaya, akasema sasa tupeleke gari nyumbani. Tulianzia Kwa Sadala, pale barabara inapoacha lami kuu na kuanza kupanda kuelekea Masama. Dakika za mwanzo zilikuwa raha. Kisha mlima ukakaza, pua ya gari ikaelekea mbinguni, na Anansia akaiacha injini iimbe kwa nguvu zake zote, kama atakavyofanya siku ya mbio. Niliona mshale ukitetemeka. Ukashuka kidogo, ukapanda, ukashuka tena. Kisha ukaanguka.

Nataka mjue nilichofanya. Sikufanya kitu. Nilikaa nikiutazama mshale, nikiungojea urudi, kwa sababu pampu ilikuwa kubwa na mimi niliichagua mwenyewe.

Anansia ndiye aliyezungusha ufunguo. Injini ilinyamaza katikati ya mlima, gari likaanza kurudi nyuma, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili na kuvuta ya mkono. "Jiwe!" alinifokea. "Toka utafute jiwe!" Nikaruka nje, nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu, kisha nikabaki nimechuchumaa pale nimelishikilia.

Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alisimama. "Anansia, gari limekataa kwenda nyumbani?"

"Linapumzika, mama."

"Na huyo kijana?"

"Huyo naye."

Tulivutwa kwa pikapu ya maziwa hadi Majengo. Mzee Shabani alikuwa amekaa kibarazani na kikombe cha kahawa chungu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, pampu, Ijumaa, silikoni, mshale. Nilingoja anifukuze. Alimaliza kahawa yake kwanza.

"Umeniambia hiyo pampu inapeleka kiasi gani," alisema. "Inarudi kiasi gani?"

"Nini?"

"Oili. Inakwenda juu, sawa. Kurudi chini inapita wapi, na kwa muda gani?"

Ndipo nilipoona, na nilichokiona hakikuwa injini. Niliona nduwa ya baba. Vijana wa siku hizi wengi hamjaikuta: ni bwawa dogo la udongo ambalo maji ya mfereji wa ukoo, mfongo, hujikusanya polepole usiku, na asubuhi linafunguliwa zamu kwa zamu kumwagilia vihamba. Tundu la kutolea lilikuwa na kizibo, na baba hakuruhusu mtu alipanue. Mwaka mmoja nililipanua ili nimalize kumwagilia haraka nikacheze. Maji yalitoka kwa kishindo kizuri sana kwa muda mfupi, kisha nduwa ikawa tope, na migomba ya jirani ikalala na kiu. Pampu yangu ilifanya hivyohivyo. Kwenye mlima mrefu, injini ikizunguka kwa kasi, ilinyonya oili yote ya kwenye sampu, lile bakuli la chini, ikaimwaga juu kwenye hedi, kichwa cha injini, kuliko ilivyoweza kurudi. Kidogo kilichobaki kilikimbilia nyuma kwa sababu gari lilikuwa limeinua pua, na mdomo wa kunyonyea uko mbele. Kwenye tambarare ya Mabogini jambo hilo lisingetokea hata tungezunguka mwezi mzima.

Nilimweleza Mzee habari ya nduwa. Alicheka hadi akakohoa. "Mtu wa mlimani amesahau mlima! Mimi mswahili wa Majengo ndiye nikukumbushe kwenu kuna kupanda?" Kisha uso ukabadilika. "Shusha sampu. Tuone kama bado tuna krenki."

Anansia alikataa kuondoka. Alikaa juu ya tairi na kitenge chake cha kwaya, ametandika gazeti. Nilifungua kila kitu kutoka chini. Beringi mbili zilikuwa zimeanza kubadilika rangi. Mzee Shabani alilala chali kwenye boksi, akaifuta krenki kwa kitambaa, akapeleka ukucha. Nilisimama nikitazama miguu yake. Alipitisha kwenye sehemu ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu alisimama, akarudia, akarudia tena.

"Baba, niambie ukweli," alisema Anansia.

"Njoo wewe," Mzee aliniita. "Lala hapa. Fumba macho."

Nikalala. Nikapitisha ukucha ambao aliniambia nisiukate miaka minane iliyopita. Uliteleza. Nikarudia kwa sababu sikuamini. Ukateleza tena.

"Nzima," nilisema.

Nilipotoka chini ya gari nilimwambia Anansia pampu ile niliiweka mimi, Mzee aliikataa, na angechelewa kuzima injini kwa muda wa kuhesabu hadi tano krenki yake ingekuwa ya kufungia ng'ombe.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Kule Mabogini ulikuwa unaiangalia ile geji kama bwana harusi." Akasimama, akakunja gazeti. "Sasa funga vizuri. Nina wiki mbili."

Kwa hiyo, Godlisten, pampu inachaguliwa hivi, kama nilivyofundishwa wiki ile. Kwanza pima nafasi za beringi, maana zikiwa pana oili inatoroka na hakuna pampu ya kufidia uzembe huo. Pili angalia oili utakayotumia ni nzito kiasi gani. Tatu, na hili hutalikuta kwenye simu yako, pima kurudi. Mzee aliteleka lita moja ya oili kwenye jiko la mkaa hadi ikawa ya moto, akaimwaga juu ya hedi, akaangalia saa yake ya mkononi isiyo na kioo hadi tone la mwisho lilipofika chini. Ilichukua muda mno. Tulipotafuta tukakuta tundu moja la kurudishia limezibwa nusu na silikoni. Mlioniona nikigombana na mtu anayepaka silikoni kama siagi kwenye mkate, sasa mnajua silikoni ile ilipakwa na nani.

Tulisafisha matundu, tukarudisha pampu ya saizi yake ikiwa na gia mpya, tukachomelea vibati ndani ya sampu ili oili isikimbilie nyuma gari likipanda, na mdomo wa kunyonyea tukausogeza. Beringi tulizoweka zilikuwa seti ya mwisho tuliyoweza kupata. Safari hii hatukwenda Mabogini. Mzee Shabani mwenyewe, aliyekuwa hapendi baridi ya juu, alipanda kiti cha mbele amejifunga shuka, na tukapanda Masama yote hadi lami inapoishia. Presha ilikuwa ya chini kuliko ile ya pampu yangu. Mshale ulitikisika mara moja kwenye kona, ukarudi, ukakaa.

"Hauringi," alisema Mzee. "Unafanya kazi tu."

Anansia hakushinda mbio zile. Alikuwa wa sita, akarudi nyumbani kwa gari lilelile, na kesho yake alfajiri alikuwa njiani na madumu.

Baada ya hapo niliondoka tena, nikarudi tena, mara tatu. Safari ya mwisho niliporudi, ovaroli lilikuwa kwenye msumari lakini Mzee Shabani hakuwepo. Mwanawe alinikabidhi kopo la bati lenye fila geji. Alisema baba aliacha maneno: nisimwazime mtu. Nimetii, na nyinyi mmenisema sana kwa hilo. Sikuwahi kumshukuru inavyotakiwa kwa kuniita chini ya lile gari badala ya kunifukuza. Angeweza kumjibu Anansia mwenyewe. Alitaka nijue kwa mkono wangu nilikuwa nimeponea wapi.

Mwezi uliopita Dada Anansia alileta gari, unakumbuka, oili ilikuwa inavuja nyuma. Aliwasha injini uwanjani, akaniuliza, "Unasikiaje?" Niliona bomba likitetemeka na midomo yenu ikizungumza, na kilichonifikia kilikuwa kama mvua kwenye nyumba ya jirani. Siku hiyohiyo nilijua nimemaliza.

Sampu iliposhuka nilikuita. Nilikuambia ulale kwenye boksi, ufute, ufumbe macho, upitishe ukucha kwenye krenki. Hukujua ni krenki ipi, ulilalamika tu kwamba huna ukucha, unazikata. Ukatumia ulionao. Nilisimama nikitazama miguu yako kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

"Inateleza, mzee," ulisema kwa sauti kubwa, kama mnavyosema nami siku hizi.

Nilikuja nikalala pembeni yako nikapitisha wangu, kwa sababu tu nilitaka. Ni roho ileile moja, ina miaka ishirini na miwili sasa. Kopo la bati liko kwenye rafu ya juu, nyuma ya makopo ya grisi. Na hicho kidole gumba cha kulia, Godlisten, usikikate ukucha.